Maua ya Lobi

Wiki iliyopita Mboyo, binti wa rafiki yangu Bolumbu, alinitumia picha tatu kwenye simu kutoka Kinshasa. Hakunisalimia kwanza, na kwa mtoto aliyefiwa na mama yake juzijuzi sikumlaumu. Picha zote zilikuwa za kichaka chenye maua, kimepigwa karibu mno kama wanavyopiga siku hizi, mpaka huoni ukuta wala ardhi. Alieleza kwamba kabla ya kufa mama yake aliagiza wapande juu ya kaburi lake “fololo ya lobi”, yaani ua la lobi, na mazishi yalikuwa yamepangwa Jumamosi. Nyuma ya nyumba ya marehemu kuna vichaka vingi vilivyoshikana matawi, hakuna aliyewahi kuvitazama vizuri, na kila mjomba, maana watoto wa shangazi ya mama yake anawaita hivyo, alikwenda siku yake akapiga picha ya kile anachodhani ndicho. Mmoja alileta maua ya violet, yaani zambarau, mwingine maua meupe, wa tatu akaleta mchanganyiko, na sasa walikuwa wakigombana mbele ya watu waliokuja kulia. “Tantine,” aliandika, kama wanavyomwita shangazi kwao, “mama alisema wewe unaijua. Ni ipi?” Nilicheka peke yangu barazani, kisha nikalia, na mjukuu wangu aliyekuwa ananiletea chai akadhani akili zimeanza kunitoka. Nilimjibu Mboyo angoje mpaka jioni. Kulitambua ua hakukuhitaji muda. Nilitaka tu kukaa kidogo na mama yake.

Nilikutana na Bolumbu mwaka wangu wa pili wa masomo ya ualimu, hapa hapa Bukavu, wakati nchi bado inaitwa Zaïre na serikali inawatawanya wanafunzi kama anayetupia kuku mahindi: wa Kasai aende Kisangani, wa Équateur aje Kivu. Nilipanga chumba mtaa wa Nguba kwa Maman Nsimire na mume wake Papa Murhula, aliyefanya kazi ya ofisi mjini na kurudi kila adhuhuri kula. Chumba kilikuwa nyuma ya salon, yaani sebule, na dirisha lake lilitazama jikoni, kwa hiyo moshi na maneno yote ya kando ya mbabula, jiko la makaa, viliingia kwetu bila kubisha hodi. Kutoka kwenye kitanda changu nilijua bei ya maharagi, nani ameachwa na mume, na padri gani anahubiri mpaka watoto wanasinzia. Siku moja nikamkuta msichana amekaa juu ya kitanda cha pili, sanduku magotini, viatu vya Kinshasa miguuni, na baridi ya Bukavu inamtetemesha meno. Maman Nsimire alisimama mlangoni akiwa na blanketi, akasema kwa sauti ya kuamuru, “Huyu ni dada yako. Kiswahili hana. Utamupatia.”

Kumpatia mtu Kiswahili si kazi ndogo, hasa mtu ambaye hataki kula. Bolumbu alikaa mbele ya bugali wa Maman Nsimire akiutazama kama mtu aliyewekewa jiwe. Alitaka chikwangue, mkate wa muhogo wa kwao, alitaka samaki wa mto wake, na tulipompa ndagala, dagaa wetu, na sombe ya majani ya muhogo, alihesabu macho ya ndagala wote kabla ya kuwatia mdomoni. Mimi nilikuwa mkali ujanani, na hata leo wanangu wanasema sijapungua. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba njaa itamfundisha. Yeye akanijibu kwa Kilingala maneno ambayo sikuyaelewa, ila Papa Murhula aliyaelewa, maana aliangua kicheko mpaka akajimwagia chai kwenye shati la kazi. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Wiki chache baadaye akala bugali, akaomba tena, na Maman Nsimire akaenda kuwatangazia majirani.

Jioni moja ya mvua, tumekaa vitandani na madaftari yetu, alitoa picha tatu kutoka ndani ya misale, kitabu chake cha zamani cha misa. Zilikuwa za nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa mawimbi mawimbi kama za wakati wa wazungu. Zote zilionyesha mwanamke mmoja mrefu, kijana, akitabasamu bila kufungua midomo. Katika ya kwanza amebeba mtoto kiunoni. Mtoto huyo ni Bolumbu. Katika ya pili ameshika beseni. Katika ya tatu amekaa kwenye ngazi za mawe, na nyuma yake pembe ya nyumba kubwa inaonekana. Kila mara yuko karibu na kichaka kilichochanua. Baba yake Bolumbu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, na familia ilikaa katika kinyumba cha nyuma ndani ya kiwanja cha tajiri huyo, Nguba, karibu na maji. Madamu wa nyumba kubwa ndiye aliyepiga picha. Vita ya mamluki ilipoingia Bukavu, mtoto alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake Kinshasa. Mama alibaki, akashikwa na homa, akafa siku ambazo hakuna aliyethubutu kutoka barabarani na jeneza. Mume wake na jirani mmoja walimzika bustanini.

Baba huyo hakurudi tena Bukavu. Alimlea binti yake Kinshasa, hakuoa, na habari za kaburi hakuzisema mpaka alipolala hospitalini na pumzi imekuwa fupi. Hapo ndipo alipompa picha. Jina la barabara lilikuwa limemtoka, na hata asingelisahau lisingetusaidia sana kwa kuwa barabara zote zilikuwa zimebatizwa upya. Alisema tu: mama yako yuko pembeni ya fololo ya lobi, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaiita hivyo. Akalala, na asubuhi hakuamka. Baada ya matanga ikatoka orodha ya wanafunzi, na jina la Bolumbu likawa kwenye safu ya Bukavu, mji ambao hakuuomba. “Nilisema ni baba amenisukuma,” aliniambia. Aliongeza kwamba hana kaka wala dada, na kwamba anataka tu fasi moja duniani ambapo anaweza kusimama na kusema, mama yangu yuko hapa. Mimi mama yangu alikuwa hai, nilikuwa nagombana naye kila likizo. Nilitazama pembeni kwa aibu, kisha nikamwambia kuwa tutaitafuta.

Siku iliyofuata tulilipeleka neno mezani. Papa Murhula alikuwa anajivunia Kilingala chake, alichokiokota kwenye muziki na kwa askari, na alijibu kabla hajameza.

“Lobi njo kesho,” alisema. “Nilimuazimaka soldat mumoja kinga yangu. Akaniambia atanirudishia lobi. Mpaka leo ningali nangoja.”

“Basi ile njo jana,” Maman Nsimire alisema, akamwongezea maharagi.

Kinga ni baiskeli, na hadithi ya baiskeli hiyo niliisikia mara nyingi mwaka ule, kila mara askari akiongezeka cheo. Bolumbu alipomaliza kucheka alisema kwamba wote wawili wamesema kweli. Lobi ni kesho, na lobi ni jana. Anayesema anajua, na anayesikiliza anajua kutokana na maneno mengine. Maman Nsimire aliweka mwiko chini, akauliza ni lugha gani hiyo isiyojua mtu ametoka wapi na anakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimeshachukua karatasi. Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, nilipenda kila kitu kiwe na kijisanduku chake, na Kiswahili changu kiliniambia kwamba jana ni jana na kesho ni kesho.

“Chagua,” nilimwambia Bolumbu. “Jana ao kesho. Bila hivyo hatutaweza kutafuta.”

Alisema hajui, baba hakusema maneno mengine. Nikamsisitiza. Mwishowe akasema basi, kesho, nadhani kwa sababu kesho inatia moyo zaidi. Nami nikaandika: ua la kesho, yaani huenda ni ua linalofumba leo na kuchanua kesho yake. Nilipiga mstari chini yake, nikaridhika.

Chuoni kulikuwa na kitabu kinene cha kutambulia mimea, cha Kifaransa, ambacho kinakuuliza swali, ukijibu kinakupeleka kwenye swali lingine, mpaka unafika kwenye jina. Nilikaa nacho alasiri nyingi katika chumba cha maabara kilichonukia spiriti, picha tatu zimepangwa mbele yangu. Petali tano, zimekaa bapa kama sahani. Mrija mwembamba chini yake. Majani marefu kidogo, yanapishana kwenye tawi. Hapo nilikuwa naenda vizuri. Kisha kitabu kinauliza: rangi? Katika picha ya kwanza maua yalikuwa meusi kabisa, katika ya tatu meupe kama nguo ya komunyo, na katika ya pili kulikuwa na meusi, meupe na ya kijivu, yote pamoja. Assistant wetu wa botania, kijana mwenye subira sana na mwenye viatu vilivyochoka, aliziangalia kwa lenzi yake na kusema kwamba bila rangi anabahatisha tu, lakini kwa macho yake ni vichaka viwili tofauti, na katika picha ya kati vimepandwa karibu mpaka vimeingiliana. Kile cheupe huenda ni aina ya yasmini. Niliona kwamba majani yanafanana kwenye picha zote, nikajiambia kwamba kwenye picha ndogo kama ile majani yote yanafanana. Mtu akishataka viwili, ataviona viwili.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta kiwanja cha Nguba, upande wa ziwa, chenye kichaka cha maua meusi na kichaka cha maua meupe vilivyokaribiana. Kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya kufyeka mitaro ambayo wote tulilazimika kuifanya, tulinawa miguu na kushuka kupitia barabara za miti mikubwa. Nilidhani shida itakuwa mbwa. Mbwa hawakuwa shida. Shida ilikuwa picha. Nyumba zile zilikuwa za wazungu, wazungu walikuwa wameondoka, na waliokaa ndani walikuwa wamepewa na mkubwa fulani, naye mkubwa akigeuka wanaweza kunyang’anywa. Sasa wanakuja wasichana wawili, mmoja anaongea Kilingala cha watu wa serikali, wanabisha mlangoni wakiwa na picha ya zamani ya nyumba yako. Watu walibadilika uso. Mzee mmoja alituambia yeye ni mlinzi tu, na amevaa pajama. Mwingine alitupa chai, akatuuliza majina ya baba zetu mara mbili, na kabla hatujafika kwenye kona tulimwona mtoto wake anatufuata ajue tunaingia wapi. Baada ya hapo tulijifunza kuonyesha picha ya ngazi huku kidole gumba changu kimefunika nyumba. Nilikuwa na kidole gumba kinene, nakishukuru.

Kwenye mlango mmoja wa kijani, karibu kabisa na maji, alitufungulia mama wa makamo mwenye kikwembe kizuri cha kitenge na miwani imening’inia kifuani. Alikuwa na uso wa upole. Alichukua picha kutoka mkononi mwangu ili aione vizuri, kidole kikatoka, na pembe ya nyumba ikawa wazi. Niliona macho yake yanatoka kwenye kichaka yanakwenda kwenye ngazi, yanabaki pale. Alinirudishia picha. “Hapa hakuna maua,” alisema. Nyuma ya bega lake waridi zilikuwa zimepanda mpaka dirishani. Bolumbu alimshukuru kwa heshima, tukaondoka, na njiani nikaiga sauti ya yule mama mpaka tukacheka, hapa hakuna maua, hapa hakuna ziwa, hapa hakuna Bukavu. Lakini usiku ule hakula. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha aliniambia kwamba ataomba arudishwe Kinshasa mwaka unaofuata. Alisema kuwa mjini bila kujua ni mbaya kuliko kuwa mbali, maana kila anapokanyaga anajiuliza. Nikamtengenezea nywele.

Mwaka huo kina mama wa parokia walikuwa wamemchagua Maman Nsimire kwa mara ya kwanza kuwa mkubwa wa maua ya altare, na cheo hicho kilimwingia mwilini. Kwaresima nzima altare haina ua hata moja, ndiyo desturi, kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa inangoja Pasaka. Alizunguka akiwaagiza watu: nyeupe, nataka nyeupe tu, Pasaka ni nyeupe. Asubuhi ya Ijumaa Kuu msichana mmoja wa kwaya alikuja na matawi mkono mzima, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilisikia kila kitu kutoka dirishani. Maua yalikuwa ya violet iliyokolea, ile ile ya vazi la padri wakati wa toba, na Maman Nsimire aliyapokea kama mtu aliyetukanwa. Alimuuliza yule msichana kama wanataka turudi Kwaresima wakati Yesu anafufuka. Msichana akasema yeye ametumwa tu. Maman Nsimire hakuweza kuyatupa, maana maua ya kanisa hayatupwi, akayachomeka ndani ya ndoo ya maji, akaiweka barazani nyuma ya mlango mahali ambapo hayatamuaibisha.

Jumamosi nilitoka kunawa uso, nikapita kwenye ndoo, nikarudi nyuma. Baadhi ya maua yalikuwa bado violet, mengine yalikuwa yamepauka, na mengine yalikuwa meupe kabisa, kwenye tawi moja. Kwanza nilifikiri Maman ameongeza mengine. Yeye alitoka jikoni, akayaona, akafikiri ni mimi. Tulibishana pale barazani, kila mmoja akimsingizia mwenzake, mpaka nilipoinama kuonyesha ushahidi wangu na kuona petali tano, bapa kama sahani. Niliingia chumbani na mikono yenye maji, nikamwamsha Bolumbu, nikamwomba picha. Tulipiga magoti mbele ya ndoo. Niliweka picha ya kwanza chini, ile ya maua meusi: hiyo ilikuwa Ijumaa. Ya pili kando yake, ya mchanganyiko: ilikuwa mbele yetu, mpaka jinsi majani yalivyopishana. Ile ya tatu niliiweka mwisho. Madamu hakuwa amepiga vichaka viwili. Alikuwa amemaliza filamu yake kwa siku chache mfululizo, kwenye kichaka kimoja.

“Nusa,” nilimwambia Bolumbu. Nilitaka akumbuke. Nilitaka sana, kuliko yeye. Aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi. Harufu ilikuwepo, tamu kidogo, nami nilikuwa nimeshajiandalia machozi yake.

“Hakuna kitu,” alisema. “Mi sikumbuke kitu.” Akakaa kitako sakafuni. Kisha akaigusa picha ya tatu. “Lakini kesho itakuwa nyeupe yote?”

“Kesho tutaona,” nilisema, kisha sote wawili tukatazamana, kwa sababu tulilisikia lile neno, kesho. Ua ambalo ukiliona leo, jana yake na kesho yake ziko juu ya tawi hilo hilo. Mwanamke aliyesema Kilingala aliliona akalipa jina kwa neno moja, na mimi nilikuwa nimelipasua neno lile katikati na kutupa nusu.

Tulingoja. Sijawahi kungoja Pasaka namna ile, hata nilipokuwa mtoto wa kungoja nguo mpya. Jumapili kabla ya misa ndoo nzima ilikuwa nyeupe, na Maman Nsimire akatoka amejifunga kilemba, akaitazama, akasema polepole kwamba yeye alikuwa anajua tangu mwanzo. Aliyabeba mwenyewe mpaka kanisani. Katikati ya gloria nilimwona anageuka kuangalia kama watu wanaangalia. Baada ya misa tulimkamata yule msichana wa kwaya mlangoni na kumuuliza nani alimtuma. Alisema ni Maman Cibalonza, wa chini kule, mwenye mlango wa kijani.

Jumatatu ya Pasaka Maman Nsimire alikwenda pamoja nasi, amevaa kikwembe cha jana yake, na tawi jeupe mkononi. Alibisha yeye. Maman Cibalonza alipotuona sisi nyuma yake alishika mlango, lakini Maman Nsimire alikuwa ameshaweka mguu ndani, akimshukuru kwa maua, akisema kanisa zima liliuliza yametoka wapi. Alisema pia kwamba alipoyaona Ijumaa alikasirika sana. Maman Cibalonza akatabasamu bila kupenda, akasema aliyakata Ijumaa kwa makusudi ili Jumapili yawe meupe. Kisha akamtazama Bolumbu, na tabasamu likaisha.

“Mulikuya na picha ya nyumba,” alisema. “Nikawaza benyewe bamerudi. Bwana yangu akikuya, nitamuambia nini? Batoto yangu nitabapeleka wapi?”

“Sitaki nyumba, maman,” Bolumbu alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, akakisema polepole ili kisimwangushe. “Nyumba iko yako. Mama yangu iko ndani ya jardin. Nataka kujua tu fasi.”

Maman Cibalonza aliweka miwani yake machoni, ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma. Alimtazama Bolumbu kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye viatu, akamshika mkono, akamwongoza kuzunguka nyumba. Nyuma, ngazi za mawe zilishuka kuelekea ziwani. Pembeni yake kichaka kilikuwa kimekua kutupita sisi wote kimo, na kwenye matawi yake maua ya violet, yaliyopauka na meupe yalikuwa yamechanganyika. Chini yake mawe yalikuwa yamepangwa kwa urefu wa mtu, safi, bila jani hata moja, na kwenye jiwe la kichwani kulikuwa na nta ya mshumaa iliyokauka, tabaka juu ya tabaka.

“Tulikuta majiwe iko vile,” Maman Cibalonza alisema. “Nikajua ni mutu. Bwana yangu alitaka kujenga garage hapa, nikakatala. Kila sikukuu ya bafu, ya marehemu bote, ninamuwekea bougie. Lakini kwa sala sikujua nimuite nani. Nilikuwa nasema tu, huyu mama wa maua.” Hakujua kama ni mama au baba, alituambia baadaye. Aliamua tu.

“Anaitwa Mboyo,” Bolumbu alisema.

“Na ya ubatizo?” Maman Cibalonza aliuliza.

Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Tulikuwa tumeyaacha shuleni, kwenye vitambulisho, na wengine hata kanisani waliyasema chini chini. Bolumbu aligeuka akatazama upande wa barabara, kisha akageukia mawe. “Hélène,” alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwingine aje kula. Maman Cibalonza akarudia jina hilo, Maman Nsimire naye akalirudia. Bolumbu akakaa chini kando ya mawe, akaweka kiganja juu ya lile la kichwani, akasema kwa Kilingala, “Mama, nayei,” yaani nimekuja. Hapo ndipo alipolia. Mimi nilishika picha zake ili zisilowe, nikalia pia, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza hata leo.

Hakuomba kurudishwa Kinshasa. Alimaliza masomo yake hapa, na kila Jumapili tulishuka kwa Maman Cibalonza, ambaye alitupikia samaki na kumkaripia Bolumbu kwa wembamba wake kama mtoto wa nyumba. Walikubaliana kutomhamisha marehemu. Siku Bolumbu aliporudi kwao alipanda ndege akiwa na kopo la maziwa ya unga magotini, ndani yake chipukizi lenye udongo wa Nguba. Mimi nilichukua jingine, ndilo hili linalonizibia dirisha. Baadaye sana, nikiwa mwalimu, nilipata kitabu chenye picha za rangi na nikakutana na ua hilo, jina lake la kisayansi, kwao Amerika ya Kusini, na maelezo kwamba watu wa lugha nyingi huliita jana-leo-na-kesho. Niliona wametumia maneno mengi.

Basi jioni ile nilimwandikia Mboyo, ambaye alipewa jina la bibi yake. Nilimwambia picha zote tatu ni kichaka kimoja, wajomba zake wote wamesema kweli, wang’oe chipukizi lolote lenye mizizi na waache kugombana. Nilimwambia pia jina la ubatizo la bibi yake, kwa kuwa sikuwa na hakika kama mtu mwingine aliye hai analijua. Alinishukuru kwa mioyo midogo myekundu ya simu. Jumamosi alasiri alinitumia picha moja zaidi: udongo mpya, msalaba, na kichaka kidogo kimesimama juu yake na maua machache ya violet. “Tantine,” aliandika, “mjomba mkubwa amekasirika. Alitaka nyeupe kwa ajili ya mama.”

Nikamjibu kwa neno moja: lobi.